Nani aliamua shule zifungwe? Maswali yenu ya korona

Tangu niguse hii ishu ya shule na korona inbox imejaa, najibu matatu kwanza.

Mama wa Mbagala: kamati ya shule ingeweza kugoma kufunga?

Hapana dada yangu. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania katangazwa, kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, kafunga shule kwa siku 30, na kufungua vilevile ilitoka juu, kidato cha sita na vyuo Juni 1, waliobaki Juni 29. Kamati (sekondari ndo bodi) inabaki na mambo ya chini, ambayo ndo mtoto anakutana nayo: ndoo za kunawia zinakaa wapi, nani anajaza maji bomba likikauka, sabuni ya nani. Na hapo ndo wazazi hatutokei! Nilishakaa kwenye kamati, kikao kimeitwa Jumamosi saa tatu, mpaka saa tano tuko kumi na mbili na wawili ni walinzi, halafu jioni group la WhatsApp linawaka "nani kapitisha mchango?" Jamani mlikuwa wapi. Mchango wenyewe ni hiari lakini, mtoto asirudishwe nyumbani kisa elfu mbili.

Baba wa Tabata: shule ya private ilinidai ada yote wakati mtoto alikuwa kakaa nyumbani, ni haki?

Tenganisha kaka. Chakula na basi hajatumia, hizo dai zihamie muhula unaofuata, na wakubali kwa maandishi sio kwa mdomo. Ila ada ya masomo usiikazie sana, maana mwalimu wa serikali mshahara uliingia kama kawaida, wa private wengi walikatwa, wengine wakaambiwa wakae nyumbani bila senti, na shule ikifunguliwa unamtaka yuleyule mwalimu wa hesabu. Atakuwa kashafungua genge.

Mwalimu, Temeke: darasa lina watoto zaidi ya mia, hiyo mita moja ya kuwakalisha mbalimbali naipatia wapi?

Huipati mwalimu, tusidanganyane. Labda shifti, asubuhi na mchana, Dar tumeshazizoea, na madirisha wazi hata mvua ikinyesha kidogo. Wanaosema tungefunga mpaka iishe wawaulize Waganda, wao shule zilifunguka zote Januari 2022, karibu miaka miwili, wasichana kibao hawakurudi. Mimi kwa hilo naona kufungua Juni tulipatia, kilichoniuma ni kwamba ndoo zilipotea uwanjani kabla hata Desemba haijafika.