Tafuta Mahali Kabla ya Mashine: Kwa Wanaotaka Kuuza Soda na Vitafunwa kwa Mashine Huku Marekani

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya mashine za soda na vitafunwa hapa Marekani aanze na mahali. Mashine ije baadaye. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaonipigia simu wameshafanya kinyume: mashine imenunuliwa, imesimama kwenye gereji ya shemeji, imefunikwa turubai, na swali lililobaki ni moja, "Kaka, niiweke wapi?" Mtu akifika hapo, ushauri wangu unakuwa mfupi na haumfurahishi.

Mimi nipo Texas, upande wa Dallas na Fort Worth, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huku. Aliyeko Louisville au Columbus atabadilisha majina ya mitaa na viwango vya ada, lakini kazi ni ileile.

Fikiria duka la Mangi lisilo na Mangi. Hakuna wa kumbembeleza mteja, hakuna daftari la mkopo, hakuna wa kusema "chenji sina, chukua pipi". Mteja akikosa chenji anaipiga mashine teke na kesho haji. Yale yote ambayo mwenye duka huyafanya kwa mdomo wake, hapa yanafanywa na mahali ulipoiweka, bidhaa ulizopanga na kifaa cha sarafu kilicho ndani. Ndiyo maana maneno ya mitandaoni kwamba hii ni pesa inayoingia umelala nayasikiliza kwa sikio moja. Unaamka, unanunua mzigo, unaubeba, unapanga, unafuta kioo, unahesabu. Ni kazi. Uzuri wake ni kwamba saa unajipangia mwenyewe.

Makaratasi tuyapite haraka. Mwenye green card, mkimbizi aliyepokelewa rasmi, na mwenye kibali cha kazi kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, wanaweza kujiajiri. Mwanafunzi wa viza ya F-1 na aliyeletwa na mwajiri kwa viza ya H-1B wasiguse kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji, maana kujaza mashine na kukusanya mauzo kunahesabika kuwa kazi. Kuandika jina la mkeo kwenye kampuni hakukusaidii kama kamera ya jengo inakuonyesha wewe ukipakua makreti. Kusajili LLC, yaani kampuni ndogo inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, Texas ni $300. Kentucky ni $40. Namba ya EIN ya kodi hutolewa bure kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa hiyo anayekutoza dola mia kukuombea anakuuzia maji ya mvua. Omba pia kibali cha kodi ya mauzo katika jimbo lako. Kwa Texas hicho nacho hakilipiwi, na ukiwa nacho unaweza kununua mzigo kwenye maduka ya jumla kama Sam's Club au Costco kama mfanyabiashara anayeuza tena, bila kukatwa kodi ya mauzo pale kaunta.

Sasa mahali, na hapa nitakaa kidogo.

Mashine inauza kwa mtu mwenye njaa ambaye hawezi kutoka. Ana mapumziko ya dakika 15, ni saa tisa usiku, duka liko mbali, na mkoba wa chakula kausahau nyumbani. Mtu huyu sisi tunamjua kuliko aliyesomea biashara chuoni, kwa sababu wengi wetu ndio tulikuwa yeye. Wewe unayebeba maboksi kwenye maghala ya Alliance, kaskazini mwa Fort Worth, au kule Wilmer na Hutchins, kusini mwa Dallas, au unayegeuza wazee kitandani kwenye nyumba ya kulea wazee, tayari unajua jengo gani lina shifti tatu na chumba kipi cha mapumziko kina mashine iliyobandikwa karatasi ya "mbovu" tangu Pasaka. Huo ni utafiti ambao hukuulipia.

Lakini ghala kubwa lenye jina kubwa si lako, usijitese. Kampuni za namna hiyo hufunga mikataba na magwiji kama Canteen, na nyingi zimeshahamia kwenye rafu za wazi ambapo mfanyakazi anajichukulia na kujilipia kwenye skrini. Angalia majirani zao: karakana ya malori, kiwanda kidogo cha makabati, gereji ya kunyoosha bodi, hoteli ya bei nafuu kando ya barabara kuu, chumba cha kufulia nguo kwenye apatimenti, nyumba ya wazee yenye watumishi mchana na usiku. Kaa kwenye gari wakati shifti zinapobadilishana uhesabu vichwa. Idadi ya meneja ni ya watu walioajiriwa. Wewe unataka waliopo. Kisha tazama ng'ambo ya barabara. 7-Eleven, duka la vinywaji na vitafunwa, ilizaliwa Dallas mwaka 1927, kwa hiyo huku haiko mbali kamwe. Ikiwa wafanyakazi wanaifikia kwa miguu, shukuru uondoke.

Kuna sehemu zinazovutia macho na hazilipi. Ofisi za vioo ambazo watu wake huendesha gari kwenda kula mchana na saa kumi na moja jioni wote wameondoka ni mojawapo. Kanisani kwetu na msikitini kwetu ni nyingine: watu ni wengi, ila kwa siku moja ya wiki, na siku hiyo akina mama wameshapika pilau. Posta na majengo mengine ya serikali kuu usiyapigie hodi kabisa. Kuna sheria ya mwaka 1936, Randolph-Sheppard, inayowapa watu wasioona kipaumbele cha kuendesha biashara hizi ndani ya majengo hayo, na ni sheria nzuri. Shule za umma zina masharti ya serikali kuhusu sukari, chumvi na mafuta katika kinachouzwa kwa wanafunzi wakati wa masomo. Mwache aliyekomaa apambane nayo.

Kuomba nafasi kuna namna yake. Sisi tumelelewa kusalimia kwanza, kuuliza za nyumbani, za kazi, ndipo shida ije kwa mzunguko. Meneja wa gereji hapa atakuwa ameshageuka kurudi kwenye lori. Nenda ana kwa ana, katikati ya asubuhi, siku za kati ya wiki. Sema jina lako, sema una mashine za vinywaji na vitafunwa unazozihudumia mwenyewe, uliza kama waliyonayo inawaridhisha, kisha nyamaza. Lafudhi yako isikutie unyonge. Anachotaka kujua ni kama utakuja ikiharibika. Mwachie karatasi yenye picha na namba ya simu. Akisema "nitafikiria", rudi wiki ijayo, na ukirudi mletee soda baridi. Pale unapofanya kazi mwenyewe, omba kupitia ofisi, nje ya saa zako za kazi, na kwa maandishi. Usimpitishie msimamizi wako kitu mfukoni.

Akikubali, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: mashine na bidhaa ni mali yako, umeme ni wake, saa ambazo unaruhusiwa kuingia, asilimia yake kama ipo, na kwamba yeyote akitaka kuachana na mwenzake atoe taarifa ya siku 30. Kipengele cha umiliki kisikosekane. Biashara inaweza kuuzwa au mwenye jengo akabadilisha kufuli, na bila karatasi utajikuta unabishana na mgeni kuhusu mashine yako mwenyewe. Wengi watakuomba pia cheti cha bima ya madhara kwa watu wengine, kwa hiyo pata bei ya bima kabla ya kuahidi lolote. Asilimia usiitaje wewe kwanza. Karakana ndogo mara nyingi haitaki pesa, inataka tu watu wake wasitoke nje.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano. Kopo la soda umelinunua senti 55, unaliuza $1.50. Mwenye mahali anachukua asilimia 10, senti 15. Kampuni ya kadi senti 9. Kodi ya mauzo tuseme senti 8, ingawa kila jimbo lina hesabu yake kwa mauzo ya mashine. Umebaki na senti 63. Ukiuza makopo 15 kwa siku, mwezi unakupa kama $280. Ukiuza manne, ni kama $75, na humo bado hujatoa ada ya mwezi ya kisoma kadi, petroli na chipsi zilizoisha muda. Mashine ni ileile na safari ya kwenda kuijaza ni ileile. Kilichobadilika ni mlango uliouingia kuomba nafasi.

Ukishakuwa na mahali, ndipo ununue. Mashine iliyotumika na kukarabatiwa vizuri mara nyingi huangukia kati ya $1,500 na $3,000. Mpya ni zaidi ya hapo, wakati mwingine mara mbili. Iliyotumika haina ubaya wowote kama umeipima. Nenda ukaione ikiwa imewashwa na imeshapoa. Ingiza noti ya dola moja iliyokunjamana, kisha ya tano, uone kama inazikubali na kurudisha chenji sahihi. Jaribu kila kitufe. Hakikisha vifaa vyake vya malipo vinatumia mfumo wa MDB, lugha ya pamoja ya vifaa vya malipo vya mashine, maana bila huo kisoma kadi cha kisasa, kiwe cha Nayax au Cantaloupe, hakitaungana nayo, na kijana wa leo hana sarafu mfukoni. Dai funguo zote. Kama itakaa mahali ambapo umma unaingia, pima pia kimo cha sehemu ya kuingizia pesa: kwa sheria ya watu wenye ulemavu isizidi inchi 48 kutoka sakafuni, na baadhi ya mashine za zamani zinazidi.

Pima mlango wa jengo kabla ya siku ya kuhamisha, na ukanda, na kona. Mashine ya kioo ina uzito wa kilo 300 na kuendelea. Vijana wanne wa mtaani na pikapu si usafiri wake. Tafuta watu wenye lori la kunyanyulia na kitoroli cha pallet. Isafirishwe imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huhama, na ukiiwasha papo hapo unaweza kuiua friji.

Bidhaa: usinunue unachokipenda wewe. Gereji yenye mafundi Wameksiko itamaliza chipsi za pilipili za Takis na makopo ya juisi ya Jumex huku biskuti zako za siagi zikikutazama. Madereva wa usiku wanataka vinywaji vya kuchangamsha kama Monster na Red Bull. Wauguzi watakuuliza karanga na soda isiyo na sukari. Anza na mchanganyiko, kisha kila unapojaza andika springi ipi, yaani msokoto wa waya unaosukuma bidhaa, imeisha na ipi haijaguswa. Kisichotembea kiondoke bila huruma. Chokoleti wakati wa joto isikae kwenye gari hata nusu saa, Julai ya Dallas hupita nyuzi 38. Na wale wanaoniuliza kuhusu sambusa za nyumbani: hapana. Chakula kinachoharibika kinahitaji jiko lenye leseni na mashine inayojifunga yenyewe joto likipanda. Wewe kaa kwenye vilivyofungwa kiwandani, vyenye tarehe. Ukifika mashine 20, kanuni ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa, itakutaka uonyeshe kalori pia, lakini hilo litakuwa tatizo la mtu aliyefanikiwa.

Kuna watakaokuuzia "biashara nzima": mashine kumi, mahali wamekutafutia, kipato wamekuhakikishia, lipa leo bei inapanda kesho. Marekani ina kanuni ya FTC, tume ya serikali ya biashara, kwa wauzaji wa namna hii. Wanatakiwa kukupa waraka wa ukurasa mmoja angalau siku 7 kabla hujasaini au kulipa, wenye kueleza kama wamewahi kushtakiwa kwa ulaghai na wenye mawasiliano ya watu walionunua kabla yako. Wakitaja kipato, watoe maandishi ya kukithibitisha. Omba waraka huo kwa upole tu. Wengi hukata simu.

Mtaji wa upatu unafaa sana hapa, Wakenya wenzetu wanauita chama na Wakongo likelemba, kwa sababu hauna riba na mashine ya kwanza haihitaji zaidi ya mzunguko mmoja mzuri. Omba zamu yako ije baada ya mkataba wa mahali kusainiwa. Fungua akaunti ya benki ya peke yake. Andika maili unazoendesha kwenda kujaza, kwani zinapunguza faida inayokatwa kodi, na jua kwamba juu ya kodi ya mapato kuna ile ya waliojiajiri, asilimia 15.3. Mauzo ya kadi yanaacha nyayo IRS. Sarafu nazo ziandike.

Picha ya mashine mpya usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Sina la kuongeza hapo, wenye kundi wanaelewa.

Mwisho, swali linalonijia kutoka kwa wenye ndoto ya kurudi: je, nikizisafirisha hizi mashine Dar? Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 115 na hezi 60. Nyumbani ni 230 na 50. Kipokea noti kinazijua dola, shilingi hakizijui, na wateja wenyewe wanalipa kwa simu. Kwa gharama ya kontena na kubadilisha yote hayo, agiza mashine iliyoundwa kwa umeme wa kwetu, yenye malipo ya simu. Hizi za huku zikichoka, ziuze hukuhuku kwa anayeanza, pamoja na mahali pake, maana mashine iliyo mahali inapouza hupata bei nzuri kuliko iliyo chini ya turubai.