Waridi langu la jangwani limevuka Julai ya Njombe

Juzi msomaji wa Mafinga alinitumia picha ya echeveria zake, aina ya sakulenti, yaani mimea inayotunza maji kwenye majani manene: majani meusi, yamelegea, yanavuja maji. "Dada, nilizimwagilia jioni zisiteseke na baridi." Nilisonya. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya aliyemfundisha hivyo.

Mdogo wangu, hayo maji ndiyo yaliyoua. Jani la sakulenti ni tangi. Maji yakiganda ndani hutanuka na kupasua seli, jua likichomoza jani linakuwa uji. Mmea uliokaushwa una utomvu mzito, na utomvu mzito huchelewa kuganda. Mimi mwisho wa Mei nafunga mpira wa maji. Juni na Julai vyungu vinapata kidogo sana, saa nne asubuhi, udongo ukiwa mkavu kabisa.

Nilipoanza kufunika maua kwa mashuka makuukuu, mmoja kwenye grupu letu la wapenda maua alirusha picha ya kibaraza changu akauliza, "Nani amefiwa?" Walicheka wee. Sasa haohao wananiomba vipandikizi, na waridi langu la jangwani, mmea wa nyanda za joto unaoanza kunung'unika baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, linachipua. Aliyerusha picha namkumbuka vizuri, na kipandikizi hapati.

Tazameni anga. Usiku wa mawingu una nafuu. Usiku wa nyota, upepo umetulia, ndio wa sakitu, ile barafu nyembamba inayotanda kwenye majani, maana joto la ardhi linapaa bila kizuizi. Kipimajoto cha barazani kinaweza kusoma nyuzi 3 na majani ya uwanjani yakawa yameshaganda. Ingizeni vyungu chini ya paa, karibu na ukuta wa tofali uliopigwa na jua mchana. Funikeni kwa nguo, si nailoni inayogusa majani, na asubuhi mfunue. Hapo ndipo wengi mnaposhindwa! Mnataka bustani ya kupigia picha, kuamka hamtaki.

Wa Dodoma, adui yenu ni Oktoba. Mmea wa dirishani ukitolewa juani ghafla unapata mabaka ya kahawia yasiyofutika. Uzoesheni taratibu kama wiki mbili, na chungu cheusi cha plastiki kiwekeni kivulini, kinapika mizizi.

Wewe wa Mafinga, bonyeza katikati ya mmea. Kama pagumu, ng'oa majani yaliyooza, usimwagilie mpaka kidonda kikauke, kisha nitumie picha nyingine.