Wasomaji Wanauliza: Tumshukuruje Muuguzi Aliyetutendea Wema?

SWALI: Mhariri, salaam. Mama yetu alilazwa, na muuguzi mmoja wa wodi ile alimhudumia kama anavyohudumiwa mzazi. Sasa karuhusiwa, anaendelea vizuri. Tumechangishana fedha tumpelekee huyo muuguzi kwenye bahasha, lakini dada yetu mkubwa anakataa, anasema tutamponza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Msikilizeni dada yenu. Kanuni za kazi katika hospitali nyingi zinamkataza muuguzi kupokea fedha za mgonjwa au za jamaa zake, hata kama nia ni safi. Akipokea na mtu akaona, atakayeandikishwa maelezo ni yeye, si nyinyi. Halafu kuna wagonjwa wa vitanda vya jirani. Wakiona bahasha inapita, wataanza kujiuliza kama huduma ile ilikuwa na bei.

Andikeni barua kwa mkuu wake. Malalamiko dhidi ya wauguzi huandikwa na kuhifadhiwa, ilhali shukrani nyingi husemwa mlangoni siku ya kuruhusiwa, zikaishia hapohapo. Barua iliyosainiwa inaweza kuwekwa kwenye faili lake la utumishi, na siku anapotathminiwa au kupendekezwa kwa cheo, kuna karatasi ya kumsemea.

Ielekezeni kwa muuguzi kiongozi wa wodi, nakala kwa muuguzi mkuu wa hospitali na kwa mkuu wa hospitali. Ukurasa mmoja unatosha. Tajeni jina na cheo chake kama vilivyo kwenye kitambulisho, jina la wodi, tarehe za kulazwa na kuruhusiwa, na zamu aliyokuwa akishika. Kisha elezeni alichofanya, na hapa ndipo barua nyingi zinapokosa nguvu. “Ana moyo wa huruma na upendo” ni maneno mazuri, lakini yanaweza kuandikwa kwa yeyote. Linganisheni na haya: “Mama alikuwa hawezi kujigeuza. Alimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na kila alipomgeuza alimwambia kwanza anachotaka kufanya. Usiku mama alipoanza kupumua kwa shida, alipima oksijeni, akamwita daktari, kisha akaja kutueleza kinachoendelea.” Mkuu wake akisoma hivyo anaona kazi, anaona na utu.

Kuna sifa zinazogeuka mashtaka. Mkiandika “alituruhusu kuingia nje ya muda wa kuona wagonjwa” au “alitupa kitanda kabla ya waliotutangulia”, mmemwanika. Vivyo hivyo “yeye peke yake ndiye mwema wodini”: sentensi hiyo itambidi aishi nayo kila zamu, pamoja na wenzake.

Chapeni nakala ya ziada, ipelekeni masjala, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni linafaa kwa asiyetaka kujulikana. Barua ya shukrani inahitaji jina, saini na namba ya simu ya mwandishi, la sivyo haithibitishiki.

Mkiona bado mikono mitupu inawasumbua, pelekeni kitu kidogo cha wodi nzima, baada ya mgonjwa kutoka wala si kabla. Ulizeni kwanza kama kinaruhusiwa. Vitafunio viwe vimefungwa kiwandani, na viwe mafungu mawili au matatu yaliyoandikwa majina ya zamu, maana bila hivyo zamu ya asubuhi humaliza vyote na wa usiku hukuta makaratasi. Kalamu za wino hazijawahi kutosha wodini popote. Mafuta ya mikono nayo yanapokewa vizuri, kwa kuwa kunawa mara kwa mara hukausha ngozi. Maua ulizeni mapema. Wodi nyingi za wagonjwa mahututi hazikubali maua.

SWALI: Sisi hatujui jina lake. Tunajua tu alikuwa zamu ya usiku na alivaa miwani. Tufanyeje?

JIBU: Andikeni hivyohivyo, ila muongeze tarehe ya usiku wenyewe, namba ya kitanda na tukio moja linalokumbukwa. Kiongozi wa wodi anayo ratiba ya zamu, na kila dawa iliyotolewa usiku ina saini ya aliyeitoa. Ataoanisha. Msichelewe miezi mingi, wauguzi huhamishwa wodi na ratiba za zamani huwa kazi kuzitafuta. Msiombe namba yake ya simu kwa wenzake, wala msimvizie getini. Wa zamu ya usiku ndio husahaulika zaidi: hutoka wakubwa wakiwa ndiyo kwanza wanaingia ofisini.

SWALI: Baba alifariki wodini. Wauguzi wawili walikaa naye mpaka mwisho, wakatuachia nafasi ya kumuaga. Je, si ajabu kupeleka shukrani mahali pa msiba?

JIBU: Si ajabu hata kidogo. Poleni sana. Muuguzi akipoteza mgonjwa hurudi kitanda kinachofuata, na mara nyingi hapati kujua kama familia iliona alichofanya. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Patrick Barnes alipofariki hospitalini Marekani mwaka 1999, familia yake iliguswa sana na jinsi wauguzi walivyomhudumia, ikaanzisha tuzo ya DAISY kwa ajili ya wauguzi. Leo inatolewa katika nchi nyingi, kwa mapendekezo ya wagonjwa, jamaa na wafanyakazi wenzao. Kama hospitali yenu inayo tuzo hiyo au nyingine inayofanana nayo, ombeni fomu wodini.

Tajeni jina kamili la baba na tarehe aliyofariki. Elezeni dakika zile: nani alivuta pazia, nani alimpangusa uso, waliwaambia nini. Maelezo ya ugonjwa yaacheni, kwa sababu barua huenda ikabandikwa ubaoni. Asiyeweza kurudi wodini atume mtu au aitume kwa posta. Mkiipeleka wenyewe, epukeni muda wa kukabidhiana zamu na ule wa madaktari kupita vitandani.

Siku ya Wauguzi Duniani ni 12 Mei, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820, na hospitali nyingi huitumia kuwapongeza wauguzi wao. Barua ikifika mwezi mmoja au miwili kabla, inaweza kuwahi vikao vya kuchagua majina.

SWALI: Naweza kuweka picha yake mtandaoni na kumsifu hadharani?

JIBU: Kwa ridhaa yake, na baada ya kuuliza kama hospitali inaruhusu. Picha ya wodini mara nyingi hunasa mgonjwa mwingine nyuma, au jina kwenye faili lililo wazi. Hakuna kati yao aliyekubali kuonekana.

SWALI: Mmoja alitutendea wema, mwingine alitutolea maneno makali mbele ya mgonjwa. Tuyaweke yote kwenye barua moja?

JIBU: Barua mbili, siku mbili tofauti. Zikichanganywa, uongozi utashughulikia lalamiko kwanza, na jina la yule mwema litaitwa kwenye kikao kama shahidi.