Samaki weusi ndani ya anemoni: ni watoto wa wale wa chungwa?

Hapana ndugu yangu. Hao weusi wenye madoa meupe, moja kwenye paji na moja kila ubavu, uliowaona kisiwani Mnemba, Zanzibar, ni Dascyllus trimaculatus. Wakiwa wadogo hujificha kwenye anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma. Wakikua huhamia miambani na madoa hufifia. Wa chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni ni Amphiprion akallopisos, na huyo hajifichi kwenye anemoni utotoni tu, hukaa hapo hadi uzeeni. Wote ni familia moja, Pomacentridae, kwa hiyo hukukosea sana.

Ila usimvue yule mkubwa wa chungwa kwa ajili ya tangi lako la samaki. Ndiye jike. Akitoweka, dume lake hugeuka jike, na kutaga husimama kwa muda.