Kabla ya kusema "tuombe"

Swali la wiki: ukiacha sala na kufunga, ni zoezi gani la kiroho Mkristo wa leo analihitaji zaidi? Kwangu ni kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Wengine watasema hiyo ni adabu tu. Sawa, lakini adabu huisha mapema. Mama akianza kurudia habari za mkwewe mara ya tatu, nawe mstari wa Biblia umeshakufika mdomoni, kuumeza ni mfungo kamili.

Someni Marko 5. Binti wa Yairo yu mahututi, Yesu anawahi kwake. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake na kupona. Kazi imekwisha, wangeweza kuendelea na safari. Lakini Yesu anasimama kuuliza ni nani, na yule mama "akamweleza kweli yote". Miaka 12, waganga wengi, mali yote imeteketea: hayo hayasemwi kwa pumzi moja, na Yairo kasimama pale pale anasubiri! Wahubiri wengi hukimbilia nyumbani kwa binti. Mimi hupenda kubaki nao barabarani.

Huku Kigoma, mzee wa kanisa anayetembelea waumini Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, lazima ajue mwezi. Wakati wa giza wavuvi hukesha ziwani, na kukicha akina mama wako kwenye kuanika dagaa. Nani akae na wewe? Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, boti hupumzika, na watu hupata nafasi ya kuongea. Hata hivyo usingoje kuletewa kiti. Chuchumaa, muchambue dagaa pamoja. Macho yakiwa kwenye turubai, mtu husema asiyoweza kuyasema mkitazamana, kwa mfano mkopo wa kikundi ambao mumewe haujui. Wewe itikia "enhe", endelea kutoa mchanga. (Simu nayo izimwe. Mtetemo tu mfukoni unatosha kumnyamazisha mtu.)

Kinachoniudhi kanisani ni ile "basi mama, tuombe" inayokuja katikati ya maelezo. Inaonekana ni imani, kumbe mara nyingi ni mlango wa kutokea, hasa jua likishazama. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Walipoanza kumfundisha ndipo walipoharibu.

Najua kuna wasengenyaji, na kiongozi hawezi kukesha kwa mtu mmoja. Anayesengenya utamtambua upesi: yeye mwenyewe hayumo kabisa katika habari zake. Huyo muage kwa heshima.

Kwa wengine, kikundi chetu cha watembeleaji kina utaratibu mmoja. Kabla ya kuomba tunauliza, "Kuna lililobaki?" Mara nyingi lipo. Kisha tunaomba kwa maneno yake mwenyewe. Kama alisema marejesho ya Ijumaa, basi Mungu anatajiwa marejesho ya Ijumaa.