Uliza Anti Vitabu: Mwalimu wa Kongwa kachoka kuambiwa "ingia Amazon"

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mwalimu wa historia sekondari huku Kongwa, na nasoma masta Chuo Huria. Kila nikiuliza kitabu fulani ntakipata wapi naambiwa ingia Amazon, kana kwamba dunia nzima ina duka moja. Juzi nikaingia duka jingine tu la nje, kitabu dola 14, nikashangilia, kufika kwenye kulipa naambiwa usafiri dola 31. Yaani kitabu kinapanda ndege kwa raha zake na mi hapa nahesabu nauli ya kwenda Dom. Hakuna maduka mengine? Na nalipaje, kadi ya benki sina.
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Marahaba mwalimu wangu. Maduka yapo, ila kabla sijayataja nenda kachukue kitabu chochote cha Kiswahili hapo kwenye shelfu yako, kigeuze, angalia nyuma pale kwenye vimistari vya bakodi. Kuna namba ya kukitambulisha kitabu inaitwa ISBN, tangu 2007 ina tarakimu 13. Ikianza na 978-9976 au 978-9987 basi hicho kitabu namba yake imetolewa Tanzania, mchapishaji yupo hapa hapa nchini. Sasa mtu anakitafuta Marekani cha nini? Watu wengi wanaoniandikia nyie mnahangaika na maduka ya nje kwa kitabu ambacho kipo Dar kwenye boksi kinangoja mtu apige simu.

Na we wa historia ndo kabisa. Wachapishaji Mkuki na Nyota wapo Dar tangu 1991, wana vitabu vya historia na siasa za kwetu kwa Kiswahili na Kiingereza, na pale mtaa wa Samora kuna duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House). Unapiga simu, unawasomea ISBN (usiwasomee jina tu, majina yanafanana), unauliza bei, unatuma hela kwa simu, unaomba wakipeleke stendi wakipakie kwenye basi. Halafu sikiliza hapa, mabasi ya Dar yanakupitia mlangoni kabla ya kufika Dodoma, kwahiyo andikisha kifurushi kishushwe Kibaigwa au njiapanda ya Mbande, sio kipite mpaka stendi ya Nanenane Nzuguni alafu uje kukifuata huku mjini upoteze siku nzima. Andika jina na namba yako ya simu kubwa kubwa kwa makapeni, piga picha risiti.

Kama kimechapwa Ghana, Naijeria, Zimbabwe huko, kuna hawa African Books Collective, wako Oxford Uingereza ila shirika lilianzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe mwaka 1985, wanauza vitabu vya wachapishaji wengi wa bara hili kwenye tovuti moja. Kwa mtu wa masta ya historia mi ningeanzia hapo, hata kama ni kusoma orodha tu ujue nini kipo. Nairobi nako Text Book Centre wanauza mtandaoni, ila uliza kwanza kama wanatuma Tanzania, na kama wanatuma forodha inakuwaje.

Haya, sasa vile ambavyo kweli viko ng'ambo. Hapa kuna kamchezo watu hawakajui. Unamkimbia Amazon unaenda AbeBooks kutafuta kitabu cha mtumba, kumbe AbeBooks ilishanunuliwa na Amazon tangu 2008. Ni sawa na kumkimbia mwenye nyumba ukapange kwenye nyumba yake ya pili. Book Depository tuliokuwa tunaipenda kwa sababu usafiri bure karibu dunia nzima, nayo waliinunua 2011 na Aprili 2023 ikafungwa. Hadi leo kuna watu wananitumia hiyo linki, jamani ilishakufa.

Ambao sio wa Amazon: Blackwell's ya Oxford, duka la tangu 1879, wazuri kwa vitabu vya chuo na wanatuma nchi nyingi. Better World Books na Biblio kwa mitumba. Bookshop.org iliyoanza 2020 inagawana faida na maduka madogo, wazo zuri sana, lakini wanahudumia Marekani na Uingereza, kwahiyo labda uwe na shemeji London anayekuja Desemba. Kokote utakakoingia weka nchi Tanzania KABLA hujaanza kupenda kitabu, uone jumla mpaka mkononi. Kitabu cha dola 4 chenye usafiri wa 25 ni ghali kuliko cha 20 chenye usafiri wa 5, hiyo hesabu hata darasa la tatu wanaiweza ila ukiwa na hamu huioni.

Malipo sio shida siku hizi. Kwenye M-Pesa unaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni, haina plastiki, ni namba tu. Weka hela ya hicho kitabu na kachenji kidogo, usiache mshahara umelala humo.

Anwani sasa. Mi niliwahi kuagiza kitabu nikajaza "Area D, karibu na msikiti, geti la bluu", nikajiona mjanja kabisa. Miezi mitano. Kilirudi kilikotoka alafu kikaja tena kona zote zimekunjamana kama chapati ya jana, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, yule mtu wa posta atalijuaje geti la bluu? Andika S.L.P., hata ya shule ukiomba ruhusa kwa mkuu, andika namba ya simu kwenye mstari wa pili wa anwani, na kwenye kile kiboksi cha postikodi kinachokataa kuachwa wazi, za mkoa wetu wa Dodoma zinaanza na 41, ya kata yako waulize posta.

Vya kiada usinunue kwanza, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao unasoma bure.

SWALI: Anti mambo, mi nipo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kuna grupu la WhatsApp wanauza PDF za vitabu buku buku (elfu moja moja). Kuna ubaya?
Mwana Udom

JIBU: Poa mdogo wangu. Ubaya upo, huyo anayekuuzia sio mwandishi wala mchapishaji, ameiba anakuuzia na we unampa buku. Kama unataka vya kusoma kwenye simu, Kobo wanauza vya halali na hulipi usafiri. Vya bure kabisa vya zamani vilivyoisha hakimiliki nenda Project Gutenberg, wapo tangu 1971, vitabu zaidi ya 70,000, vingi Kiingereza. Chagua EPUB achana na PDF, maana EPUB maandishi yanajipanga yenyewe kwenye kioo kidogo, PDF utakuwa unavuta kushoto kulia mpaka kidole kiume. Shusha ukiwa kwenye wifi ya chuo.