Panzi asiyekimbia usimpe kinyonga wako

Panzi mzima hakamatiki kwa mkono saa sita mchana. Jua likishapanda, anaruka kabla kivuli chako hakijamfikia, ukimfuata anaruka tena. Kwa hiyo siku ile kijana wa darasa la tano alipokuja bandani na dumu la lita tano lililokatwa mdomo, panzi wamejaa mpaka juu, kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza: umewakamataje? Sikumuuliza. Nilimpa hela yake, akaniambia "asante mjomba", akaondoka mbio.

Wakati huo nilikuwa nahudumia vinyonga katika banda la kufugia lenye kibali, chini ya milima ya Usambara Mashariki, njia ya Muheza kwenda Amani. Nilikaa pale mpaka 2016, serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutafuta chakula, na chakula chenyewe kilitoka majanini. Nimekamata wadudu kwa miaka, masika na kiangazi, na bado watu hunipigia kuuliza kinyonga alishwe nini. Swali lao huwa ni mdudu gani. Mimi huwauliza kwanza: utamtoa wapi?

Nikirudi kwenye lile dumu. Niliwagawa wale panzi saa nane mchana. Ilipofika saa kumi, dume mmoja wa pembe tatu alikuwa ameachia tawi kwa miguu ya nyuma, ananing'inia kwa mkia, mdomo wazi, mate yanamtoka kama uzi. Nilimpokea kiganjani. Vidole vyake, ambavyo siku zote hubana kama koleo, havikunishika. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogo mdogo wa mtu mwenye homa, na rangi yake ya kijani ikawa inakwenda ikirudi. Alikufa kabla ya magharibi. Majike wawili walifuata usiku.

Asubuhi yule kijana alinipeleka mwenyewe hadi mahali alipowapata. Ulikuwa ukingo wa shamba la mahindi lililopigwa dawa ya funza juzi yake, harufu bado ipo. Panzi walikuwa wamelewa dawa, naye akawaokota tu kama mtu anayeokota maembe yaliyoanguka. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Mwenye kuwajibika kuuliza nilikuwa mimi.

Tangu hapo nina sharti ambalo silivunji hata kinyonga awe na njaa: mdudu asiyekimbia simpokei. Ama ameshakula sumu, ama yeye mwenyewe ni sumu na anajua hakuna wa kumgusa. Mtazame yule panzi wa rangirangi anayejaa kwenye mihogo, kijani, njano, nyeusi na nyekundu. Anakaa juu ya jani peupe kabisa, hata ukimsogelea anatembea taratibu. Hula mimea yenye sumu na kuihifadhi mwilini. Mbawakawa wenye mikanda myeusi na ya njano wanaokaa kwenye maua ya kunde na bamia nao ni hivyo hivyo; maji yao yanababua ngozi ya mtu, sembuse utumbo wa kinyonga. Kimo pia kile kidudu chembamba, chekundu na cheusi, kinachofuata taa usiku na kukuachia malengelenge shingoni ukikisaga. Waache pia viwavi wenye manyoya, nyuki, nyigu, na kipepeo wa rangi ya chungwa anayeruka polepole bila wasiwasi. Kimulimuli ndiye namwogopa kuliko wote, kwa sababu anapendeza na watoto humleta kama zawadi. Huko Marekani mijusi wa kufugwa wamewahi kufa kwa kumeza vimulimuli wachache tu.

Sasa mahali. Usikusanye kando ya mashamba ya mahindi, nyanya au kabichi mpaka umeongea na mwenye shamba, na umuulize siku aliyopiga dawa, usimuulize kama anapiga. Usikusanye karibu na josho la ng'ombe. Nzi wa pale wananona, lakini dawa ya kupe iko kila mahali. Nyumba zilizopuliziwa dawa ya mbu ziruke. Mimi nilipenda shamba lililolazwa misimu miwili au zaidi, majani yamefika magotini, na kijito kiwe jirani. Ukipata sehemu tatu au nne kama hizo, zungusha: leo hapa, wiki ijayo kule, ili wadudu wapate nafasi ya kuzaliana. Ndani ya hifadhi usiingie na wavu. Msitu wa Amani umehifadhiwa rasmi tangu 1997, na panzi wa mle ni wa mle.

Wavu ninaoutumia ni pete ya waya mgumu iliyofungwa kwenye fito ya mwanzi, na mfuko wa kitambaa cha pazia. Hapa niwaonye wengi wenu. Chandarua cha kujikinga na mbu kina dawa ndani ya nyuzi zake. Mtu anakata chandarua kizuri, anashona wavu, halafu anashangaa panzi wote wamelala chali kabla hajafika nyumbani. Tumia pazia, shela kuukuu, chochote kisichotiwa dawa.

Toka saa mbili asubuhi, umande ukianza kukauka. Mapema kuliko hapo wavu unalowa na wadudu wanasagika. Fagia majani kushoto na kulia huku unatembea, hatua kumi, kisha pindua mdomo wa wavu ujifunge, uangalie ulichopata. Utakuta panzi wadogo, nzi, buibui, nondo waliojificha. Vunjajungu watakuwepo pia. Watoto waliotuletea wadudu walikataa katakata kuwagusa, maana bibi zao waliwaambia ukimshika utavunja chungu, na sikuwalazimisha. Hata kinyonga mwenyewe walimwogopa. Waliweka chombo mlangoni na kusimama mbali kusubiri hela.

Ukishafika nyumbani, usilishe siku hiyo. Hili ndilo lingeokoa wale watatu. Wadudu waingie kwenye ndoo yenye kifuniko cha wavu, uwawekee majani mabichi ya mchicha au viazi vitamu kutoka bustani unayoijua, walale humo. Asubuhi fungua uhesabu waliokufa. Wawili watatu ni kawaida. Ukikuta robo ya ndoo imekufa, au waliobaki wanarusharusha miguu, fukia wote, usiwatupe nje kuku wakawaokota. Waliopona wameshiba majani, na shibe hiyo inaingia kwa kinyonga.

Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Panzi mkubwa mng'oe miguu ya nyuma, ina miiba. Kisha mtingishe kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, kwa sababu wadudu karibu wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kinyonga aliyepungukiwa utamjua kwenye ulimi: anaurusha mfupi, au unachelewa kurudi mdomoni. Ukisubiri zaidi, taya linalainika na miguu inapinda. Dukani unga huo ni ghali. Sisi tuliokota pwani ya Tanga, maji yakipwa, ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule jamaa wa ngisi. Unauloweka siku mbili chumvi itoke, unauanika, unautwanga na kuuchekecha hadi uwe laini kama poda.

Masika chakula ni kingi mno. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua utajaza ndoo kwa robo saa, lakini wana mafuta mengi, wape siku moja kisha pumzisha. Shida ni kiangazi, majani yamekauka na watu wanachoma mashamba. Kipindi hicho usitegemee pori. Anza miezi miwili kabla kuzalisha nyenje kwenye pipa, uwachanganye na wachache wa porini. Kinyesi cha kinyonga kipelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja moja, kwani wadudu wa porini hubeba minyoo.

Wanaonisoma kutoka Ulaya na Marekani mmenunua vinyonga waliozaliwa mabandani, kwenu ni kuangalia tu bustani zinazopigwa dawa, ni nyingi kuliko mnavyodhani. Walioko Tanzania, kumbukeni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009: kinyonga wa mwembeni kwako si wako kumtia kwenye kizimba bila kibali.

Jioni, kabla ya kuzima taa, kagua kizimba uwatoe nyenje wote waliobaki. Kinyonga akilala hulala fofofo, anapauka na kujikunja mkia, hasikii kitu, na nyenje mwenye njaa humtafuna vidole na kingo za macho. Angalia chini ya chungu cha maua, na nyuma ya gome. Huko ndiko wanakojificha.